Dawa ya Nywele: Ipakwe Penye Nywele Mpya Pekee

Wateja wengi wa saluni hutaka dawa ya kunyoosha nywele ipakwe kichwa kizima, kuanzia ngozini hadi nchani. Miezi michache baadaye nywele hukatika, na lawama humwendea msusi au maji ya chumvi. Mara nyingi chanzo ni dawa kupakwa juu ya dawa.

Unywele umeundwa kwa protini iitwayo keratini, yenye vifungo vinavyoupa nguvu na msokoto wake. Dawa nyingi zina sodiamu haidroksidi, yaani kostiki soda ile ile ya kutengeneza sabuni. Nyingine hutumia kalsiamu haidroksidi, ambayo pia ni kali. Zote huvunja vifungo hivyo, ndipo unywele ukanyooka. Unywele uliotiwa dawa haurudii msokoto wake, na huwa dhaifu kuliko awali.

Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi. Baada ya miezi 2 au 3, sehemu inayohitaji dawa ni sentimita 2 au 3 tu zilizo karibu na ngozi. Zilizobaki zilikwisha kunyooka. Zikipakwa tena, hukatika.

Wapo wanaovumilia mwasho wakiamini kwamba dawa "inashika". Mwasho huo ni ngozi inayoungua. Kidonda kikiacha kovu, nywele huenda zisiote tena mahali hapo. Dawa ioshwe mara moja.

Mambo ya kuzingatia:

• Dawa isipakwe kichwani penye vidonda au pilipili. Mteja asijikune siku za karibu na kutia dawa.

• Ngozi, masikio na ukingo wa nywele vipakwe vaselini kwanza, na msusi avae glavu.

• Muda ulioandikwa kwenye kopo usipitishwe.

• Nywele zisuuzwe kwa maji mengi, kisha shampuu ya kuondoa makali ya dawa.

• Rasta za kubana zisisukwe siku hiyo; zisubiri angalau wiki 2.

• Watoto wasitiwe dawa, kwani ngozi yao ni laini.

• Kopo liwe na alama ya ubora ya KEBS na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Hakuna mafuta yanayounga unywele uliokatika. Hupunguzwa na kusubiri mpya. Mwenye malengelenge, usaha au upara unaoenea afike katika kituo cha afya kilicho karibu mapema.