Mwelekeo na Mwenendo: Tahadhari kwa Watafiti wa Mielekeo ya Lugha

1.0 Utangulizi

Katika tafiti nyingi za isimujamii, watafitiwa hupewa hojaji na kuulizwa wanaipendelea lugha ipi. Majibu yakishajumlishwa, hutolewa hitimisho kuhusu jinsi watu hao wanavyoitumia, au watakavyoitumia, lugha hiyo. Makala haya yanadai kwamba hatua ya pili haitokani moja kwa moja na ile ya kwanza, na kwamba kosa hilo lina madhara katika upangaji lugha. Mwelekeo una maana hapa ya hali ya ndani inayomfanya mtu akitathmini kitu kuwa chema au kibaya. Mwenendo ni kitendo chenyewe kinachoonekana.

2.0 Ushahidi wa Kisaikolojia

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, LaPiere alisafiri nchini Marekani pamoja na mtu na mkewe, vijana wa Kichina, wakati chuki dhidi ya Wachina ilipokuwa imeenea. Katika hoteli, mikahawa na nyumba za wageni 251 walizofikia, walikataliwa mara moja tu. Baadaye aliwaandikia wenye nyumba hizo kuwauliza iwapo wangewapokea Wachina. Kati ya 128 waliojibu, zaidi ya asilimia 90 walisema hapana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1934. Mwaka 1969 Wicker alipitia tafiti kadhaa na kuona kuwa uwiano baina ya mwelekeo na mwenendo ulikuwa dhaifu, na kwa nadra ulizidi 0.30.

Je, mwelekeo hauna nguvu yoyote? La. Barua ya LaPiere iliuliza juu ya Wachina kwa jumla, ilhali waliofika mlangoni walikuwa watu wawili mahsusi, wenye adabu na wanaosema Kiingereza vizuri, wakiongozana na Mmarekani. Tena, aliyejibu barua huenda hakuwa yule aliyewapokea wageni. Ajzen na Fishbein (1977) walieleza kwamba vipimo viwili hulingana pale tu vinapohusu kitendo kilekile, kitu kilekile, mazingira yaleyale na wakati uleule. Davidson na Jaccard (1979) walithibitisha jambo hilo kwa kuwachunguza wanawake kwa miaka miwili. Mwelekeo wao kuhusu uzazi wa mpango kwa jumla ulikuwa na uwiano wa 0.08 tu na matumizi yao ya vidonge, lakini mwelekeo kuhusu kutumia vidonge katika miaka hiyo miwili ulifikia 0.57.

Hata hivyo, mwelekeo mahsusi nao hautoshi. Kwa mujibu wa Ajzen (1991), kitendo hutanguliwa na nia, na nia hujengwa na mambo matatu: mwelekeo wa mtu kuhusu kitendo hicho, shinikizo la watu anaowajali, na jinsi anavyouona uwezo wake wa kukitenda.

3.0 Mielekeo ya Lugha

Wanaisimu wametambua zamani kwamba jibu la hojaji laweza kuficha hisia. Huko Montreal, Lambert na wenzake (1960) waliwasikilizisha watu sauti za wasemaji walewale, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiingereza, bila ya kuwaambia kuwa ni walewale. Hata wasikilizaji wenye asili ya Kifaransa waliwapa wasemaji sifa bora zaidi walipotumia Kiingereza. Mbinu hiyo hufichua mwelekeo uliojificha, lakini bado haipimi mwenendo.

Tuchukue mfano wa Tanzania. Mzazi anayekienzi Kiswahili, na kukitumia nyumbani, sokoni na msikitini au kanisani, aweza kumpeleka mwanawe katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza. Wapo wanaomwita mnafiki au mwenye kasumba. Lakini swali la "Unakipenda Kiswahili?" na kitendo cha kuchagua shule havilingani kwa kitu wala kwa mazingira. Mzazi huyo anajua kwamba mitihani ya sekondari, isipokuwa ya masomo machache, hutungwa kwa Kiingereza. Anawaona majirani wakifanya vivyo hivyo. Na hana uwezo wa kuibadili lugha ya mtihani. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Uchaguzi wa mzazi umefanyika ndani ya mfumo uliobaki.

4.0 Hitimisho

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, mtafiti anayetaka kutabiri kitendo hana budi kuuliza juu ya kitendo hicho hasa, kuchunguza shinikizo na vikwazo vinavyokizunguka, na inapowezekana kukishuhudia. Pili, si haki kuyatumia machaguo ya wazazi kama ushahidi kwamba wananchi hawakitaki Kiswahili katika elimu, wala kuzitumia sifa wanazokimwagia kama ushahidi kwamba wako tayari kukitumia shuleni leo. Kampeni za kuwahimiza watu wakipende Kiswahili huelekezwa kwenye jambo ambalo wengi wao tayari wanalo. Kinachohitaji kubadilika ni mazingira yanayofanya mapenzi hayo yawe na gharama kwa mtoto.