Nani Aigize Mekatilili?

Kuigiza historia ni kuyarudisha mbele ya watu mambo yaliyopita: wahusika huvaa mavazi ya wakati ule, huimba nyimbo za wakati ule na kutenda yaliyotendwa, pengine mahali palepale yalipotokea. Uingereza kuna chama kiitwacho Sealed Knot, kilichoanzishwa mwaka 1968, ambacho wanachama wake hupigana upya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17. Pwani ya Malindi na Kilifi kazi hii haina chama kimoja wala jina moja. Hufanywa na vikundi vya ngoma, vyama vya utamaduni na wanafunzi wa shule, na kisa kinachorudiwa kuliko vyote ni cha Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza. Mjini Malindi ipo sanamu yake, na mwezi wa Agosti hufanyika tamasha lake, linaloandaliwa na Malindi District Cultural Association. Kaburi lake liko Bungale, upande wa Magarini.

Mtazamaji huona ngoma na mavazi. Asichokiona ni namna waigizaji walivyopatikana: nani aliwaita, waliambiwa nini, na kama wangeweza kukataa. Hapa Giriamani jambo hilo lina uzito wake, maana kisa chenyewe ni kisa cha kuandikisha watu.

Mwaka 1912 serikali ya Kiingereza ilimpeleka ofisa wake Arthur Champion kwa Wagiriama akusanye kodi na kutafuta vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya pwani. Vijana hawakutaka, na wazazi wao hawakutaka. Mekatilili, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya wanawake ya msibani, na watu wakamfuata hadi Kaya Fungo, boma takatifu la Wagiriama msituni. Huko wakala viapo vya kutoshirikiana na serikali, wanawake kiapo chao cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi. Yasimuliwa kwamba katika baraza la Agosti 1913 alifika na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Mzungu achukue kifaranga kimoja. Champion aliponyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili akamwambia kwamba ndivyo atakavyofanywa akijaribu kuchukua mtoto mmoja wa Wagiriama. Oktoba mwaka huohuo alikamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vya kwanza vya dunia, ambavyo Uingereza iliingia mwezi huo, vikaongeza njaa yao ya wapagazi.

Kikundi kinachoigiza habari hizi kisha kikajaza safu zake kwa kuwabana watu kinajikejeli chenyewe. Na hakuna haja ya bunduki ili mtu abanwe. Chifu akitoa neno kwamba kila kijiji kilete wasichana kumi wa kucheza siku ya mgeni rasmi, kumi hao wamechukuliwa. Mwalimu akisema asiyekuja mazoezini atakatwa alama, naye amechukua. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usajili wa vikundi vya kijamii inakitambua kikundi kuwa muungano wa hiari, na neno hiari lina maana pale tu anayeitwa anapojua anachoitiwa.

Mambo ya kumweleza mwanachama mpya si mengi, ila ndiyo yanayofichwa. La kwanza ni pesa. Vikundi vingi vya Malindi na Watamu hucheza hotelini msimu wa watalii, na hotelini hulipwa kikundi, si mchezaji. Mwanachama mpya aambiwe mapema mgawo ukoje: kiasi gani kinaingia kwenye mfuko wa kikundi, nauli inatoka wapi, na siku ambayo hakuna malipo mtu anapata nini zaidi ya soda. Aambiwe pia kama kuna ada ya kujiunga. Halafu kuna sare. Hando la mwanamke wa Kigiriama ni kitambaa kilichokunjwa marinda tele, tabaka juu ya tabaka, kikafungwa kiunoni hadi nyonga zikatuna. Hula kitambaa kingi na mikono mingi. Msichana anayefika kwa furaha ya kucheza, kisha akaambiwa hando ni deni lake na atalilipa kwa maonyesho matano, hajajiunga na kikundi. Amewekwa rehani. Vilevile aulizwe, kabla ya siku yenyewe, kama yuko radhi kuvaa hivyo mbele ya kamera. Bibi zake walivaa hando bila kitu kifuani na haikuwa aibu; yeye anaishi zama nyingine, ana kanisa au msikiti wake, na picha yake itazunguka kwenye simu za watu asiowajua.

Kuna ngoma ambazo idhini ya mchezaji peke yake haitoshi. Kifudu ni cha msiba na kina wenyewe. Mwanza, ngoma ya kukwaruzwa inayounguruma, ni siri ya wazee wa kaya, na zamani asiyeruhusiwa alijificha ilipolia. Kwa mambo ya namna hii kikundi hupiga hodi kwa wazee kwanza, nao wakisema hapana, onyesho hubadilishwa. Haifai kumtia kijana ndani ya jambo ambalo kesho litamfanya atozwe faini ya mbuzi na wazee wake mwenyewe.

Je, asiye Mgiriama aingie? Hakuna sababu ya kumzuia. Mbajuni wa Malindi mjini au mwalimu aliyehamia kutoka bara akijifunza maneno na hatua, ni mwigizaji kama mwingine. Ugumu hujitokeza katika kugawa nafasi, maana kila mtu anataka kuwa Mekatilili na hakuna anayetaka kuwa askari. Ikumbukwe kwamba waliowafyatulia Wagiriama risasi mwaka 1914 wengi wao walikuwa Waafrika wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Kikundi kivivu humpa nafasi hiyo mtu wa bara kwa sababu ni wa bara, na utani wa mazoezini hugeuka kuwa jina la kudumu mtaani. Mambo ya utumwa ni magumu zaidi. Mwaka 1994 huko Colonial Williamsburg, Marekani, waigizaji Weusi walionyesha mnada wa watumwa, na wapinzani wakafika kuandamana. Malindi ya karne ya 19 ililimwa na watumwa, na watoro wao walijenga makazi yao Fuladoyo. Wajukuu wapo. Anayetaka kuigiza habari hiyo aende akae na familia hizo, na asimpe mtu nafasi ya mtumwa kwa kumtazama sura.

Watoto ndio wanaoandikishwa kwa urahisi kuliko wote, kwa hiyo ndio wa kuangaliwa zaidi. Ripoti ya serikali na UNICEF ya mwaka 2006 ilieleza jinsi watoto wa pwani, Malindi na Kilifi zikiwemo, walivyokuwa wakitumiwa kingono katika biashara ya utalii. Onyesho la hotelini linaloisha saa nne za usiku si mahali pa mtoto wa miaka 12, hata kama anacheza vizuri kuliko wakubwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13 kwa namna yoyote, na wa 13 hadi 16 huruhusiwa kazi nyepesi tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake imo. Idhini ya mzazi haimnyimi mtoto haki ya kusema amechoka.

Wazee nao wana hatari yao, na hii husahauliwa. Onyesho linapendeza likiwa na mzee mwenye mvi, amejifunga kitambi, ana fimbo mkononi. Lakini katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mzee aliyepigwa picha akishika kibuyu cha dawa kwa ajili ya onyesho anaweza kuonyeshwa picha hiyohiyo na watu wenye mapanga. Kabla ya kumwomba mzee akae mbele, zungumza naye na wanawe, na kama kibuyu hakina lazima, kiachwe.

Onyesho la kiapo ndilo linalohitaji maelezo ya wazi kuliko yote. Mwaka 1997, kabla ya mashambulizi ya Likoni dhidi ya watu wa bara, vijana wa pwani ya kusini waliapishwa huko Kaya Bombo. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti hiihii ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mahubiri ya kufunga hadi kufa. Mzazi anayesikia kwamba mwanawe anaitwa msituni kuapa ana haki ya kushtuka. Kwa hiyo kikundi kitamke waziwazi kwamba kiapo ni cha jukwaani, maji yanayotumika ni maji tu, na hakuna aliyefungwa na chochote. Aliyekula kiapo cha fisi mwaka 1913 hakuweza kubadili nia. Anayeigiza leo aweze kuondoka siku yoyote, arudishe hando, achukue mgawo wake na asisemwe.

Mzazi anayeombwa mtoto na kikundi chochote cha aina hii aombe kuona cheti cha usajili, katiba, jina la atakayemrudisha mtoto nyumbani na saa atakayofika. Akinyimwa hata kimoja, asimtoe.