Natafuta mtu wa gitaa la pili

Kila Ijumaa usiku, baada ya swala ya Isha, naliegemeza godoro la sufi kwenye dirisha la chumba cha nyuma, naitoa saa ya ukutani naiweka ukumbini, nazima feni na kufunga mlango. Tanga mwezi wa Februari, chumba kisicho na feni ni tanuri. Lakini feni ikizunguka maiki inaisikia, na mshale wa saa nao unasikika. Yote hayo ni kwa ajili ya kurekodi wimbo mmoja wa miaka ya sitini, ambao wenyewe walikwisha kuurekodi vizuri kabla mimi sijazaliwa.

Watu huniuliza kuna faida gani. Wimbo upo, mwenye simu anausikiliza saa yoyote atakayo, sasa wewe unaurudia wa nini? Huu ni mwaka wa nne nafanya kazi hii kila nipatapo nafasi. Si mwanamuziki wa kulipwa. Mkate wangu unatoka ofisini. Mwanzoni nilikuwa najibu kwamba ni mapenzi tu. Siku hizi najibu kwamba nilikuwa nazipenda nyimbo hizi miaka yote bila kujua ndani yake mna nini. Nimejua nilipolazimika kupiga kila kipande kwa mikono yangu.

Nilianza na "Helule Helule" ya Daudi Kabaka. Marehemu baba alikuwa na santuri yake, moja katika zile chache alizozifunga kwa gazeti na kuzificha juu ya kabati. Kabaka aliifanya Nairobi, studio ya Equator, pale palipokuwa na Fadhili William, na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Vijana wale waliichukua twisti iliyokuwa ikitamba Marekani na Uingereza wakaitia vidole vya huku kwetu. Kisha wimbo ukasafiri kwenda kule mdundo ulikotoka: mwaka 1968 kundi la Uingereza liitwalo The Tremeloes liliurekodi upya, ukafika nafasi ya 14 katika chati ya nchi hiyo. Waingereza nao wametupigia kopi.

Nalitaja hilo kwa sababu neno kopi kwetu linabeba dharau. Bendi ikisemwa inapiga kopi, maana yake haina chake. Mimi siamini hivyo. Salum Abdallah wa Morogoro, mwenye Cuban Marimba, masikio yake yalifundwa na santuri za Kuba. Jina la bendi yake linasema wazi. Beatles nao, albamu yao ya kwanza ya mwaka 1963 ina nyimbo 14, na sita kati ya hizo ni za watu wengine. Nyimbo kumi za albamu hiyo walizirekodi siku moja, tarehe 11 Februari, kuanzia asubuhi hadi usiku. "Twist and Shout" waliiacha ya mwisho kwa kuwa John Lennon alikuwa na mafua, na walijua akiiimba koo halitabaki na kitu. Koo lile lililokwaruzika ndilo tunalolisikia hadi leo, na wimbo wenyewe walikuwa wameutoa kwa Isley Brothers, ambao nao hawakuwa wa kwanza kuuimba.

Albamu hiyo ndiyo iliyonifundisha kusikiliza. Studio ya EMI siku ile walitumia tepu ya njia mbili tu, ala huku na sauti kule. Kwenye santuri ya stirio mgawanyo huo uliachwa hivyo hivyo: vaa hedifoni, toa upande wa kulia, waimbaji karibu wote wanaondoka chumbani na kukuachia magitaa na ngoma. Rudisha, toa wa kushoto, sasa wamebaki waimbaji. Hakuna mwalimu wa muziki aliyewahi kunipa somo kama hilo. Nyimbo nyingi za miaka ile zimegawanywa hivyo, na anayetaka kujifunza besi au sauti ya pili ya korasi aanze na sikio moja.

Kikwazo kinachofuata humshangaza kila anayeanza. Unalitia gitaa lako sauti sawasawa kwa kifaa, unaweka santuri, hamkubaliani. Si gitaa bovu wala si sikio. Tepu za zamani ziliweza kuendeshwa haraka kidogo au polepole kidogo, na sauti yote ikapanda au kushuka nayo. "Strawberry Fields Forever" ya mwaka 1967 ni vipande viwili vya siku tofauti, vyenye kasi tofauti na ufunguo tofauti, vilivyounganishwa kwa kubadili mwendo wa tepu. Ndiyo maana wimbo ule umekaa katikati ya noti mbili na hakuna mpiga gitaa anayeupata mahali unapotarajiwa. Siku hizi sibishani na santuri. Nalegeza nyuzi zote sita hadi gitaa likubaliane nayo, ndipo naanza kutafuta vidole.

Vifaa vyangu ni vichache: maiki moja, kadi ya sauti ya kuchomeka kwenye kompyuta, hedifoni na programu ya bure. Maiki ni ya aina ya Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966. Unaijua hata kama hujui jina lake, kwani ndiyo ile yenye kichwa cha wavu wa mviringo anayoishika mshereheshaji wa harusi. Kompyuta ina tabia moja tu ya kuichunga. Inapokea sauti kwa vipande 44,100 kila sekunde, na kama umeiacha ikusanye vipande 1,024 kabla ya kukurudishia, unajisikia umechelewa zaidi ya milisekunde 20, na vidole vinaanza kuyumba. Ishushe hadi 128, ucheleweshaji unabaki kama milisekunde tatu, hausikiki. Mengine utajifunza kwa kukosea.

Nimejiwekea sharti la njia nne, basi. Programu inaniruhusu mia na zaidi, lakini watu wa miaka ile walifanya maajabu kwa nne. Sharti hilo linakulazimisha kuamua. Ukitaka sauti ya pili ya kuimba, lazima kwanza ngoma na besi uzichanganye ziwe kitu kimoja, na ukishazichanganya hakuna kurudi kuipandisha besi kesho. Nimepoteza nyimbo mbili kwa kuamua vibaya. Lakini nimeamua, na hilo ni tofauti na zile siku nilizokaa hadi alfajiri nikipandisha na kushusha kitu kilekile.

Kilichonipa moyo zaidi ni kugundua kwamba nyimbo nyingi ninazozipenda zilitoka kwenye nyumba za kawaida. Mtayarishaji wa muziki Joe Meek alirekodi nyumbani kwake, nyumba ya kupanga namba 304 Holloway Road, London, juu ya duka la bidhaa za ngozi. Hakujua kusoma noti. Nyaya zilitambaa kila chumba, waimbaji wengine waliimbia bafuni kwa ajili ya mwangwi. Humo ndimo ilimotoka "Telstar" ya The Tornados mwaka 1962, ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Mwaka 1964, alipotaka kishindo cha "Have I the Right?" ya The Honeycombs, aliwapandisha watu kwenye ngazi za mbao wakapiga miguu, maiki zikiwa zimebanwa kwenye ngazi kwa vibanio vya baiskeli. Nimejaribu hicho kishindo. Nyumba yangu haina ngazi, nikatumia sanduku la mbao la kuhifadhia nguo, nikalikanyaga mara nane, kila safari kwenye njia ileile. Kilisikika kishindo cha mtu mmoja anayekanyaga sanduku mara nyingi. Maisha ya Meek yaliishia vibaya. Februari 1967 alimuua mama mwenye nyumba kwa bunduki, kisha akajiua. Siwezi kuisikiliza "Telstar" bila kumkumbuka yule mama.

Detroit kadhalika. Berry Gordy alinunua nyumba ya kuishi kwenye barabara ya West Grand mwaka 1959, akaugeuza upande wa nyuma kuwa studio ya Motown. Humo James Jamerson alipiga besi kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, kwenye nyuzi kuukuu ambazo hakupenda kuzibadilisha. Nilipokuwa najifunza besi ya "My Girl" ya The Temptations, iliyotoka mwishoni mwa 1964, nyuzi zangu zilikuwa mpya na zilikuwa zinalia kama waya wa uzio. Ba'mdogo wangu ndiye aliyeniambia niziache zikae, nisizifute jasho, na nitie kipande cha sponji chini yake karibu na daraja. Hajawahi kulisikia jina la Jamerson. Alijua kwa sababu enzi za ujana wake hapa Tanga, enzi za Atomic na Jamhuri Jazz, nyuzi mpya hazikupatikana, na besi ilisikika hivyo.

Ba'mdogo anapita miaka sabini na mitano sasa. Alipiga besi kwenye kumbi za mji huu, kisha akaacha, akalea watoto wake kwa useremala. Mwaka jana nilimpelekea "Helule Helule" niliyokuwa nimeimaliza baada ya majuma sita. Nilikuwa nimeipenda mwenyewe. Solo mimi, ridhimu mimi, besi mimi, ngoma mimi, sauti tatu zote mimi. Hakuna noti iliyokosea. Alikaa kibarazani, hedifoni masikioni, macho kafumba, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akazivua, akaniuliza:

"Mwanangu, hawa waliopiga hapa hawajuani?"

Nikamwambia wote ni mimi. Akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo. Hakuna anayemsikiliza mwenzake."

Neno lile lilinikaa majuma kadhaa. Niliirudia santuri ya baba na sikio jipya. Ni kweli: anapoingia Kabaka, gitaa la pili linapunguza, linampisha. Kuelekea mwisho kasi inapanda kidogo, na wanapanda wote pamoja, hakuna anayebaki nyuma. Mimi nilikuwa nimepiga kila kipande juu ya saa ya kompyuta, tiki-tiki-tiki, na saa haipishi mtu. Nikaenda kwa Beatles, yaleyale. Nikaenda kwa Motown, yaleyale. Hata Meek, pamoja na nyaya zake zote, alijaza watu ngazini. Nilikuwa nimezisoma habari zao zote hizo na nikachukua vyumba na vifaa, nikawaacha watu.

Ba'mdogo akanieleza bendi zilivyokuwa zikirekodi Redio Tanzania. Wote waliingia na kupiga kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho, na mwenye ala yenye kelele alisogezwa nyuma, mbali na maiki. Mmoja akikosea, wimbo unaanza upya kwa wote. "Kwa hiyo ulikuwa unamtazama mwenzako," alisema. "Ukimtazama, unajua anataka kwenda wapi kabla hajaenda."

Ijumaa iliyofuata alikuja. Vidole vyake vimekakamaa kwa randa na msumeno, na kushika nyuzi nene kulimuuma, hakusema, nilimwona. Tulikaa tukitazamana, magoti karibu yanagusana, maiki katikati, spika ya besi nimeisogeza hadi mlangoni. Nilizima ile tiki-tiki. Tulipiga "Helule Helule" mara saba. Mara ya tano ndiyo niliyoihifadhi. Kwenye ubeti wa pili nimekosa kodi moja, yeye akaisikia, akaning'ang'ania kwenye noti ileile hadi nikarudi. Mwishoni tunasikika tunakimbia kidogo, wote wawili. Nyuma kuna bodaboda inapita, maana godoro la sufi halizuii kila kitu. Nimeisikiliza mara nyingi pamoja na ile niliyoipiga peke yangu majuma sita, na ile ya peke yangu nimeifuta.

Sijaacha kurekodi sehemu zote mwenyewe. Bado ndiyo njia ninayoiona bora ya kujifunza wimbo, na namshauri kila anayeanza aanzie hapo, hasa kijana asiye na bendi. Lakini sasa naifanya kama mazoezi ya nyumbani, kabla ya kukutana na watu. Rekodi zenyewe siziuzi wala siziweki mtandaoni. Hakimiliki ya mtunzi, kwa sheria za Kenya na Tanzania, hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na Kabaka alifariki mwaka 2001. Anayetaka kuziuza au kuzisambaza atafute kwanza idhini ya wenyewe. Wimbo wa "Malaika" pekee unatosha kutukumbusha, kwani watu wameuimba dunia nzima na hadi leo mabishano ya nani hasa aliutunga hayajakwisha.

Sasa tuko wawili. Wimbo unaofuata ni "Pole Musa", wa Kabaka pia, na hauwezi kupigwa na gitaa moja na besi. Kwa hiyo naandika haya nikiwa na ombi. Kama uko Tanga au karibu, na uliwahi kushika gitaa la ridhimu zamani, au kijana wako analishika sasa, usijali kama vidole vimekuwa vizito. Ba'mdogo vyake ni vizito zaidi. Njoo na gitaa lako, na kama huna, lipo la kuazima. Tunaanza Ijumaa baada ya Isha. Feni tutaizima, kwa hiyo njoo na kitambaa cha kujifutia jasho.