Kitambaa cha Kijani

Wasomaji wengi wamepata kuona mwimbaji wa Mbagala akicheza mbele ya majumba ya Dubai, wakauliza nauli ilitoka wapi. Haikutoka popote. Mtu huyo hakuondoka Temeke. Kaka yangu hufanya kazi hiyo katika chumba cha kupanga, nami wakati wa likizo humshikia taa. Basi nitaeleza nilivyoiona.

Ukutani hutundikwa kitambaa cha kijani kitupu, na mchezaji husimama mbele yake akapigwa picha. Picha ya kamera ni nukta nyingi mno, na kompyuta huipima kila nukta rangi yake. Penye kijani kile hupatoboa, pengine pote hupaacha. Kisha picha ya Dubai huwekwa nyuma, ikachungulia katika tundu lile.

Kijani kimechaguliwa kwa kuwa ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, ina wekundu kuliko ukijani. Tena kamera nyingi za leo zina vipokea-mwanga viwili vya kijani kwa kila kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Zamani buluu ndiyo iliyotumika, kama katika filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, nayo kazi ilifanywa kwa dawa za kusafishia filamu, bila kompyuta.

Mavazi nayo yataka hadhari. Mchezaji akivaa jezi ya Yanga, bahari ya Kigamboni itaonekana kifuani mwake. Mpenzi wa Simba hapati taabu hiyo (sisemi kwa ushabiki).

Wengi hudhani kazi ni kitambaa. Kumbe kazi ni mwanga. Kikiwa na mikunjo, vivuli huleta kijani kingine, na kompyuta hukosea. Mtu akikikaribia mno, ukijani humrukia masikioni. Kwa hiyo yeye husogezwa mbele hatua kadhaa, na kitambaa hupewa taa zake peke yake. Jua la Dubai likitoka kushoto, taa ya mchezaji nayo sharti itoke kushoto.

Mtihani mkubwa ni nywele, maana nchani nukta moja huwa nusu unywele, nusu kitambaa. Likizo iliyopita mteja mmoja aliona utepe wa kijani nyweleni mwa bibi harusi, akakataa kulipa, na kodi ya chumba ilikuwa imefika. Kaka akaomba wapige upya, akaweka taa ndogo nyuma ya kichwa cha bibi harusi. Nywele zikatoka safi, na fedha ikalipwa jioni ile.