Ndoto ya Kustaafu Mapema na Hesabu Yake

Hakuna mazungumzo yanayopendwa saa ya mapumziko kama haya ya kuacha kazi. Kwenye mashamba ya chai ya Kabarole na Kyenjojo, na kwenye miwa ya Busoga, mtu akishapima majani yake au akiweka panga chini utamsikia akisema: "Miaka mitano tu, halafu narudi nyumbani." Mmoja atafuga nguruwe, mwingine atanunua pikipiki ampe kijana aiendeshe bodaboda, wa tatu atafungua duka la sabuni na chumvi. Miaka mitano inapita, na mwenzetu bado yuko kwenye mstari uleule, kikapu mgongoni.

Hatuwacheki wanaoota. Mgongo wa mchuma chai hausubiri miaka 55, wala kifua cha mtu anayevuta vumbi la majani makavu kiwandani. Umri huo umewekwa na sheria, haukuwekwa na mwili. Lakini ndoto isiyopigiwa hesabu ndiyo inayowapeleka wenzetu kwa wakopeshaji, na sisi tungependa ipigwe hapa mbele ya wote.

Hapa Uganda mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Tumchukue mtu anayelipwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Yeye anakatwa 10,000, mwajiri anatoa 20,000, jumla 30,000. Kwa mwaka ni 360,000, na kwa miaka 10 ni 3,600,000 bila faida. Faida huongezwa kila mwaka. Kwa mwaka wa fedha wa 2022/2023 ilikuwa asilimia 10.

Fedha hizo zote hutolewa mtu akifika miaka 55. Akifika 50 anaweza kuzichukua kama amekaa mwaka mzima bila ajira. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa: mwenye miaka 45 au zaidi, aliyechangia kwa miaka 10, anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake akiwa bado kazini. Mwenye ulemavu anaruhusiwa tangu miaka 40, hadi asilimia 50. Vyama vya wafanyakazi vililipigania jambo hili kwa muda mrefu, na si dogo.

Sasa turudi kwa mwenzetu. Asilimia 20 ya 3,600,000 ni 720,000. Je, hiyo inamtoa mtu kwenye chai? Haimtoi. Inaezeka nyumba bati, au inalipa karo ya mihula michache. Wengi waliochukua walifanya hivyo hasa, nasi hatuwalaumu, kwa kuwa mtoto aliyefukuzwa shule hawezi kungoja. Lakini ajue alichokiacha: 720,000 hiyo, kama ingebaki kwa miaka 10 kwa faida ya asilimia 10, ingepita 1,860,000.

Wazee wetu watasema faida ya karatasi hawaitaki, na wana sababu. Waliweka akiba miaka ya 1980 wakati bei zikipanda bila kupumzika. Mwezi wa Mei 1987 noti zikabadilishwa, sufuri mbili zikaondolewa, na juu yake serikali ikakata asilimia 30. Mtu aliyedhani ana thamani ya ng'ombe alijikuta na thamani ya kuku. Ndiyo maana mpaka leo mzee wa shamba anaamini kiwanja na migomba kuliko kitabu cha akiba. Sisi tunaona heri kuwa na vyote viwili, hata kama kiwanja ni kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu za mapumziko hulisahau. Mfuko wetu hulipa fedha zote kwa mkupuo mmoja, hakuna pensheni ya kila mwezi. Jirani zetu Tanzania wana pensheni ya mwezi, lakini nao wana mvutano wao. Mwaka 2018 ilipangwa mstaafu apewe kwanza asilimia 25 tu, na iliyobaki alipwe kidogo kidogo. Wafanyakazi wakapiga kelele mpaka mwezi wa Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akausimamisha mpango huo. Julai 2022 mkupuo wa kwanza ukawa asilimia 33. Kwa hiyo wao wanadai mkupuo uwe mkubwa, na kwetu mkupuo ukishaliwa harusini na msibani, mzee anarudi kuomba kibarua cha kupalilia pale pale alipostaafu. Tumewaona.

Lakini linalotuudhi kuliko yote si hilo. Ni mwajiri anayekata asilimia 5 kila mwezi na haipeleki. Karatasi ya mshahara inaonyesha makato, Mfuko hauonyeshi kitu. Mwingine huwaita watu vibarua kwa miaka minane, huwabadilisha majina kila msimu, asiwaandikishe kabisa. Tangu 2022 kila mwajiri analazimika kuchangia, hata akiwa na mfanyakazi mmoja tu, na fedha za mwezi zinatakiwa zifike ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Anayeota kustaafu akiwa na miaka 50 huku mwajiri ameruka miezi 40 anaota fedha zisizokuwapo.

Kwa hiyo kabla ya mkutano ujao wa tawi, kila mmoja aombe karatasi ya hesabu yake ya Mfuko. Atazame jina kama linalingana na kitambulisho, miezi kama imetimia, na mrithi kama ameandikwa. Anayekuta miezi imerukwa aje na karatasi zake za mshahara, hata zilizochakaa. Asiyejua kusoma aje na mwanawe. Kamati ya tawi itaandika majina na miezi inayokosekana, na orodha hiyo ndiyo tutakayoiweka mezani kwa meneja kabla hatujazungumzia kiinua mgongo.