Karani wa mbali: Kazi hukabidhiwa mtu, dhamana hubaki kwa mwenyewe

MTAA wa Elgon View jijini Eldoret unajulikana kwa nyua pana, malango marefu na wanariadha waliojenga humo kwa fedha walizozikimbilia Boston, London na Berlin. Kisichoonekana kutoka barabarani ni makaratasi. Mkimbiaji aliyefanikiwa huwa na mikataba ya mbio, maombi ya viza, nyumba za kupangisha mjini, shamba la mahindi au ng'ombe wa maziwa, na ushuru wa hayo yote. Mwenyewe yuko barabarani tangu saa 11 alfajiri, na mchana hulala, kwa kuwa usingizi nao ni sehemu ya kazi yake.

Kwa miaka mingi mzigo huo uliangukia mpwa aliyemaliza shule au jirani mwenye tarakilishi. Siku hizi wapo wanaogeukia njia nyingine, wakiwemo madaktari, wafanyabiashara na waliorejea kutoka ng'ambo: kuajiri msaidizi wa mbali, yaani karani anayejibu baruapepe, kupanga ratiba na kuweka hesabu kupitia intaneti bila kukanyaga ofisini.

Kazi ya aina hii si ngeni Eldoret, ila imekuwa ikielekea upande mmoja. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ilipata kasi na bei yake ikaanza kushuka. Tangu hapo, vijana waliosomea Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret wameweza kuwapangia ratiba mawakili wa Marekani na kuwajibu wateja wa maduka ambayo hawajawahi kuyaona. Saa 3 asubuhi jijini New York ni saa 10 au 11 jioni nchini Kenya, kutegemea majira, kwa hivyo kazi hizo huwaweka macho hadi usiku wa manane. Inawezekana kabisa tajiri wa Elgon View akawa anaishi kilomita chache kutoka kwa karani hodari anayemtumikia daktari wa Texas, wasijuane.

Kwa mwajiri wa Eldoret, kijana kama huyo ana manufaa ambayo karani wa Manila, aliye saa 5 mbele ya Kenya, hana. Anajua kodi ya nyumba inavyolipwa kwa M-Pesa. Ameshawahi kupanga foleni ya eCitizen, na anaelewa kwa nini fundi wa mabomba akisema "kesho" inafaa apigiwe simu tena kesho hiyo.

Hata hivyo, wengi huanza vibaya. Hutafuta mtu mwaminifu, wakampata anayezungumza vyema, kisha wakampa kila kitu: baruapepe, akaunti ya benki, nywila ya ushuru. Uaminifu hausomeki usoni mwa mtu aliyeketi mbele yako, sembuse wa mtu unayemwona kwenye skrini. Linalowezekana ni kupanga kazi kwa namna ambayo kosa lake, liwe la hila au la uzembe, litagunduliwa likiwa bado dogo. Hilo ni jukumu la mwajiri, na hakuna karani awezaye kumfanyia.

Hakuna mahali ambapo ukweli huu umeandikwa waziwazi kuliko katika kanuni zinazowahusu wanariadha wenyewe. Mkimbiaji aliyeorodheshwa miongoni mwa wale wanaopimwa wakati wowote kuhusu dawa zilizoharamishwa michezoni hutakiwa, kila baada ya miezi 3, kujaza taarifa za mahali atakapokuwa: atalala wapi, atafanyia wapi mazoezi, na dakika 60 za kila siku, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku, ambapo ni lazima apatikane mahali alipopataja. Akikosekana katika dakika hizo, hilo ni kosa. Akijaza taarifa zisizo sahihi, hilo nalo ni kosa. Makosa 3 ndani ya miezi 12 ni ukiukaji wa kanuni sawa na ukiukaji mwingine, hata kama hajawahi kumeza kitu. Adhabu ya kawaida ni marufuku ya miaka 2, ambayo yaweza kupunguzwa hadi mwaka 1 kulingana na uzito wa kosa lake.

Kanuni hizo zinamruhusu mwanariadha kumwachia mtu mwingine kazi ya kujaza taarifa. Lakini zinasema pia kwamba dhamana ni yake. Kusema kuwa karani alisahau si utetezi.

Tuchukue mfano. Mkimbiaji anayeishi Elgon View ameandikisha kwamba kila siku saa 12 asubuhi yuko nyumbani. Jumatano jioni anaitwa Kapsabet kwa mazishi, analala huko. Anampigia karani wake aliye Nakuru, simu haipokelewi, anatuma ujumbe mfupi: "Niko Kapsabet." Karani anausoma asubuhi saa 2 na kudhani ni salamu. Wapimaji walikuwa wameshagonga lango saa 12 na dakika chache. Hapakuwa na mwizi wala mwongo hapo. Palikosekana tu makubaliano kwamba ujumbe wa aina hiyo hauhesabiwi kuwa umefika mpaka karani ajibu kwamba taarifa imebadilishwa na kutuma picha ya skrini inayothibitisha. Zaidi ya hayo, mwanariadha mwenyewe angeweza kuibadilisha kwa rununu yake kabla ya kulala, kama angekuwa na mazoea ya kuifungua programu hiyo badala ya kumwachia mtu.

Wakenya wameona gharama ya makosa haya, ingawa kesi zilizojulikana zaidi hazikuhusu makarani. Elijah Manangoi, bingwa wa dunia wa mita 1500 mwaka wa 2017, alipigwa marufuku ya miaka 2 kwa kukosa kupatikana mara 3 katika mwaka wa 2019. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alipewa miaka 4 mwaka wa 2020, kwa kukosa kupatikana na pia kwa kutoa ushahidi wa kupotosha alipotakiwa kujieleza. Katika kesi zote mbili shtaka halikuwa kupatikana na dawa mwilini.

Basi karani wa kutegemewa hupatikanaje? Tangazo la kazi ndilo hatua ya mwanzo, na mara nyingi huandikwa ovyo. "Natafuta msaidizi mchapakazi" halimwambii mtu chochote. Heri mwajiri aandike kwa wiki 2 kila kazi inayomkera na muda inaochukua, kisha atangaze hizo: kukusanya orodha ya waliolipa kodi ya nyumba kila tarehe 5, kujibu maswali ya wapangaji, kufuatilia miadi ya viza ubalozini. Atakayeomba atajua kama anaziweza.

Lipo pia tatizo ambalo wenyeji wa sekta hii wanalijua vyema, nalo ni akaunti za kukodi. Katika majukwaa ya kazi za mtandaoni, akaunti zenye sifa nzuri huuzwa na kukodishwa. Aliyejijengea jina si lazima awe ndiye atakayeketi kufanya kazi. Ndiyo maana sifa zilizoandikwa kwenye jukwaa zisitoshe. Mazungumzo ya video, kitambulisho, na simu kwa mwajiri wa awali ni mambo ya lazima. La muhimu zaidi ni jaribio la wiki moja au mbili, lenye kazi halisi lakini isiyo na siri, na lenye malipo. Kumfanyisha mtu kazi bure kwa jina la mtihani ni dhuluma, isitoshe hufukuza walio bora, kwani hao ndio wenye kazi nyingine ya kwenda kufanya.

Katika jaribio hilo, kuna jambo moja la kutazamwa kuliko wepesi wa kuchapa au ufasaha wa Kiingereza: karani afanyaje asipoelewa? Mpe maagizo yaliyo na pengo kusudi, kwa mfano orodha ya wapangaji yenye majina mawili yanayofanana. Atakayeuliza anafaa. Atakayekisia na kunyamaza atakugharimu siku moja, hata akiwa na shahada mbili.

Likifika suala la mkataba, sheria iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, ajira ya miezi 3 au zaidi inapaswa kuandikwa, na anayepaswa kuuandaa mkataba ni mwajiri. Kufanya kazi kutoka nyumbani hakumwondolei mfanyakazi haki hiyo. Akiwa mwajiriwa, kuna kodi ya mapato, mchango wa NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, na ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ambayo mwajiri naye huilipa kwa kiwango hicho hicho. Akiwa anajitegemea na kuhudumia wateja kadhaa, hutoa ankara, na mwenye biashara atahitaji iwe ya eTIMS ili gharama hiyo itambuliwe na mamlaka ya ushuru. Mhasibu ataeleza mengine.

Kinachohitaji kukaliwa kitako ni funguo. Nywila haipaswi kutumwa kwa WhatsApp, wala kuandikwa katika daftari la pamoja. Huduma nyingi zina njia ya kumwingiza mtu bila kumpa ufunguo wa mwenye nyumba. Gmail, kwa mfano, humruhusu mwenye anwani kumpa mwingine idhini ya kusoma na kujibu barua bila kumfichulia nywila, na idhini hiyo huondolewa kwa kubofya mara moja. Kalenda nazo hushirikiwa vivyo hivyo. Pale ambapo hakuna njia hiyo, kuna programu za kuhifadhi nywila ambazo humwezesha karani kuingia katika akaunti moja bila kuziona nyingine.

Laini ya simu inayopokea nambari za uthibitisho ibaki mfukoni mwa mwenyewe. Nambari ya siri ya M-Pesa haipewi mtu, hata mpwa. Kwa upande wa benki, akaunti za biashara huweza kupangwa hivi kwamba mmoja aandae malipo na mwingine ayaidhinishe, na karani akome kwenye kuandaa. Mpango huo humlinda yeye pia: fedha zikipotea, hatakuwa wa kwanza kunyooshewa kidole.

Kwa wanaolipwa na waandalizi wa mbio au kampuni za viatu za ng'ambo, kuna hatari nyingine. Matapeli huweza kuingia katika baruapepe, wakasoma kimya kimya, kisha siku ya malipo wakatuma barua inayosema akaunti ya benki imebadilika. Karani wa mbali, aliyezoea kufanya kila jambo kwa barua, ndiye rahisi kuhadaika. Kanuni iwe moja: badiliko lolote la akaunti ya benki lithibitishwe kwa sauti, kwa nambari iliyojulikana tangu awali, si ile iliyo katika barua hiyo.

Aidha, majina, nambari za vitambulisho na simu za wapangaji si mali ya mwenye nyumba kuzitawanya apendavyo. Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019, humtaka anayemkabidhi mtu mwingine data za watu kufanya hivyo kwa mkataba wa maandishi. Zikivuja na kuhatarisha wahusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Daktari mwenye kliniki ajihadhari zaidi, kwa kuwa habari za afya zina ulinzi maalumu, na kuzipeleka kwa karani aliye nje ya nchi kuna masharti yake.

Usimamizi wa kila siku, kinyume na hofu ya wengi, hauhitaji programu za kupeleleza skrini ya mfanyakazi kila dakika. Hizo hupima vidole, hazipimi kazi. Simu fupi saa inayojulikana, orodha moja ya kazi ambayo wote wawili wanaiona, na ripoti ya Ijumaa yenye yaliyokamilika na yaliyokwama, hutosha kwa shughuli nyingi. Maagizo yaandikwe. Njia rahisi ni mwajiri kurekodi skrini yake akifanya kazi hiyo mara moja huku akieleza, kisha karani ayageuze maelezo hayo kuwa maandishi, na mwajiri ayasome kuona kama yameeleweka. Umeme ukikatika kwa karani, ijulikane mapema atatumia nini. Mshahara nao ufike tarehe iliyoahidiwa. Mwajiri anayechelewesha malipo kwa wiki 2 kisha akalalamika kuwa majibu yanachelewa kwa saa 2 hana hoja.

Na siku ya kuachana, kwa heri au kwa shari, idhini zote ziondolewe siku hiyo hiyo kwa kufuata orodha ya akaunti ambayo ilipaswa kuandikwa tangu mwanzo. Kwa mwanariadha, taarifa za miezi 3 inayofuata zikaguliwe na yeye binafsi, siku baada ya siku. Karani naye, iwapo alikuwa mwajiriwa na alihudumu kwa wiki 4 mfululizo au zaidi, ana haki ya kupewa cheti cha utumishi, kinachoonyesha kazi aliyoifanya na tarehe alizoanza na kumaliza.