Garissa na mto Tana: Kwa nini watu wazima wanahitaji klabu za kuogelea

JUMAPILI jioni, Aprili 28, 2024, mashua iliyosheheni abiria ilipinduka katika eneo la Kona Punda, kati ya Madogo na mji wa Garissa. Barabara ya kuelekea Nairobi ilikuwa imekatwa na mafuriko ya mto Tana, na wasafiri wengi walilazimika kuvuka kwa mashua. Shirika la Msalaba Mwekundu lilisema watu 23 waliokolewa. Wengine walikufa maji, mahali ambapo siku za kawaida magari hupita.

Picha za video za mkasa huo zilienea nchini kote. Mazungumzo yakawa kuhusu mashua zinazobeba abiria kupita kiasi na ukosefu wa jaketi za kuokolea maisha. Yote hayo yalistahili kusemwa. Lililosemwa kwa nadra ni kwamba mtu anaweza kuzaliwa hatua chache kutoka mto mrefu zaidi nchini Kenya, akakua, akaoa, akapata wajukuu, na asijue hata kuelea.

Garissa hupata mvua haba, na wageni hushangaa wakiambiwa kwamba mji huo hufurika. Maji hayo hutoka mbali. Huanzia Mlima Kenya na safu ya Aberdare, hupitia mabwawa ya kuzalisha umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huteremka nyikani. Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, ndilo kubwa zaidi na ndilo hupokea maji kwanza. Likijaa na kumwaga, yaliyo chini yake hayana nafasi ya kutosha kuyazuia. Siku chache baadaye mashamba ya ndizi na maembe ya Garissa huwa chini ya maji, hata kama mbingu za mji ni kavu. Ilikuwa hivyo wakati wa El Nino ya 1997 na 1998. Ikawa hivyo mwaka wa 2018, mwishoni mwa 2023, na tena 2024.

Si wenyeji wote wasiojua maji. Wamunyoyaya, ambao ni wavuvi wa tangu jadi katika kingo hizo, pamoja na Wailwana na Wapokomo wanaoishi zaidi upande wa kusini, wamelelewa na mitumbwi. Lakini kwa jamii za wafugaji mto umekuwa mahali pa kunyweshea mifugo na kuteka maji, na mtoto aliyeonekana akichezea ukingoni alirudishwa nyumbani kwa fimbo. Katazo hilo lilikuwa la busara. Tana ina mamba na viboko, maji yake ni ya tope yasiyoonyesha kilicho chini, na mkondo wake hubeba magogo. Katika mifereji ya umwagiliaji ya bonde hilo kuna pia hatari ya kichocho. Mzazi aliyekataza alimwokoa mwanawe. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mahali pengine pa kumpeleka akafunzwe, na mtoto huyo leo ni mtu mzima anayepanda mashua.

Mtu mzima, basi, hafundishwi mtoni. Hufundishwa kidimbwini, na njia inayodumu zaidi ni kuingia katika klabu. Neno hilo lisiwaogofye wazee wanaolihusisha na ulevi. Klabu ya kuogelea ni kikundi cha watu wanaokutana kwa saa maalumu, wenye mkufunzi mmoja au zaidi, wanaochangia gharama za kidimbwi na wanaofuata mpango wa mazoezi. Wengine hujiunga ili wajue kuogelea tu, wengine kwa ajili ya afya, na wachache hutaka kushindana. Klabu nzuri huwachukua wote watatu, ila haiwaweki katika mstari mmoja wa maji.

Anayeanza akiwa na umri wa miaka 35 au 50 hukabiliana na mambo ambayo mtoto hana habari nayo. La kwanza ni hofu, ambayo huonekana shingoni: mtu huinua kichwa ili pua iwe mbali na maji, na mara tu kichwa kinapoinuka miguu huzama. Mkufunzi anayejua kazi yake haanzi na mikono. Huanza na pumzi. Mwanafunzi husimama katika maji ya kifuani, huzamisha uso, na kutoa hewa polepole kwa pua na mdomo hadi viputo viishe, kisha huinuka kuvuta nyingine. Huonekana kama mchezo wa watoto, lakini anayezuia pumzi chini ya maji huchoka kabla ya kufika mita kumi, kwa kuwa kinachomkaba ni hewa chafu aliyokataa kuitoa.

Baada ya pumzi hufuata kuelea, kwanza kifudifudi, halafu chali. Watu wembamba wenye misuli migumu, kama walivyo wafugaji wengi, huelea kwa taabu kuliko wanene, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji na misuli ni mizito kuliko maji. Hilo si kasoro. Mtu kama huyo hufundishwa kunyoosha mikono mbele ya kichwa ili mwili usawazike, na kupiga miguu taratibu. Kisha huja kuteleza baada ya kusukuma ukuta, na ndipo mikono ya mtindo huru huongezwa. Wengine huona mtindo wa chura kuwa rahisi zaidi mwanzoni kwa kuwa uso hutoka majini kila mara. Mtindo wa kipepeo huachwa hadi mwisho, na wapo waogeleaji wazuri wa miaka mingi ambao hawajaugusa.

Kwa yule ambaye lengo lake ni kuvuka salama mashua ikipinduka, kuelea chali ndilo somo lenye thamani kuliko yote. Anayeweza kulala juu ya maji na kupumua kwa dakika tano huwapa waokoaji dakika tano. Klabu hufundisha pia namna ya kumsaidia mwenzako bila kuzama naye: kumrushia kamba, kumnyooshea fimbo ndefu, au kumtupia mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kizibo barabara. Mtungi huo unatosha kukiweka kichwa cha mtu mzima juu ya maji. Kurukia majini kumshika anayezama huachiwa waliofunzwa, kwa sababu anayezama humkumbatia mwokozi wake na kumvuta chini.

Ukubwa wa janga hili si wa Garissa pekee. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu yapata 300,000 walikufa maji ulimwenguni mwaka wa 2021, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya aina hiyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo vya majini.

Upande wa afya, shirika hilohilo linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mjini Garissa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi, ushauri wa kukimbia barabarani ni rahisi kutoa kuliko kutekeleza. Ndani ya maji mwili hupoa ukiwa kazini. Isitoshe, maji hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, kwa hivyo mwenye magoti mabovu, mgongo unaouma au unene uliozidi anaweza kufanya kazi ya moyo na mapafu bila viungo vyake kulalamika. Mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa au shinikizo la damu amwone daktari kwanza, na amweleze mkufunzi ukweli.

Mazoezi ya saa moja katika klabu huwa na mpangilio. Waogeleaji hupasha mwili kwa mita mia mbili tatu za polepole, hufanya mazoezi ya kusahihisha mtindo, kisha kazi kuu, kwa mfano mara nane za mita 50 zenye mapumziko yanayopimwa kwa saa ya ukutani. Kila mstari huogelewa kwa mzunguko, kwenda upande mmoja na kurudi upande wa pili. Anayetaka kupita humgusa wa mbele unyayoni, naye wa mbele humpisha ukutani. Wageni wengi hukasirika wakiguswa mara ya kwanza.

Kuhusu mashindano, wengi hudhani kwamba mlango hufungwa ujana ukipita. Kenya inamkumbuka Jason Dunford, aliyemaliza wa tano katika fainali ya mita 100 kipepeo kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 na kushinda dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Delhi 2010. Hiyo ni ngazi ya vijana wenye vipaji. Lakini kuna ngazi nyingine, ya wakongwe, ambayo huanzia umri wa miaka 25. Washiriki hugawanywa kwa vikundi vya miaka mitano mitano: 25 hadi 29, 30 hadi 34, na kuendelea mpaka waliopita 100. Umri huhesabiwa kufikia Desemba 31 ya mwaka wa mashindano. Katika mbio za kupokezana hujumlishwa umri wa waogeleaji wanne, hivyo mzee ndani ya timu si mzigo. Shirikisho la dunia, lililoitwa FINA hadi mwishoni mwa 2022 na sasa World Aquatics, limekuwa na mashindano hayo tangu yale ya Tokyo mwaka wa 1986.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Mjapani Mieko Nagaoka. Alianza kuogelea akiwa na miaka ipatayo 80 ili kulitibu goti lake. Mwaka wa 2015, akiwa na umri wa miaka 100, alimaliza mita 1,500 katika kidimbwi cha mita 25 kwa saa moja, dakika 15 na sekunde 54. Hakuna aliyemtarajia awe na kasi.

Swali gumu kwa Kaskazini Mashariki ni mahali. Kidimbwi cha Kasarani, kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, kiko Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 370 kutoka Garissa. Wajir haina mto, bali visima na mashimo ya kuhifadhi maji ya mvua, ambayo nayo ni hatari kwa wasiojua kuogelea. Mandera ina mto Daua unaopakana na Ethiopia, ambao hupungua sana wakati wa kiangazi na kufurika ghafla mvua ikinyesha. Katika hali hiyo kikundi cha watu 15 kinaweza kuanza kwa kukodi saa mbili za asubuhi katika kidimbwi cha hoteli au taasisi. Kabla ya kulipa, wachungulie maji: kama chujio la sakafuni halionekani waziwazi kutoka ukingoni, wasiingie. Waulize pia ni nani mwokoaji, na kama yuko zamu saa zao.

Wanawake wasiachwe nje ya hesabu, kwani nao hupanda mashua zilezile. Wanaohitaji faragha watengewe saa zao na mkufunzi wa kike. Kisiwani Unguja, katika kijiji cha Nungwi, mradi wa Panje umewafunza wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, na baadhi yao wakawa wakufunzi. Vazi la burkini lilibuniwa na Aheda Zanetti nchini Australia mwaka wa 2004, nalo hukauka upesi na halivutwi na maji kama buibui. Wazee wa dini nao wana la kusema hapa, kwa kuwa ushauri wa kuwafunza watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi unanasibishwa na Khalifa Umar bin al-Khattab, na hutajwa mara kwa mara mawaidhani.

Ratiba italazimika kubadilika mwezi wa Ramadhani. Kuingia majini peke yake hakubatilishi saumu, lakini maji yakipita kooni ni jambo jingine, na anayejifunza humeza maji hata asipotaka. Kwa hiyo ni afadhali mazoezi yahamishiwe usiku baada ya Tarawehe, almuradi kidimbwi kina taa na mwokoaji hajaenda kulala.